Sikio la Ugogo na Shingo ya Gitaa

Lipo neno ambalo waandishi wetu hulikimbilia kila wanapomwandika mwanamuziki aliyejifunza bila ya mwalimu wa darasani. Neno hilo ni kipaji. Husemwa kwamba fulani hakusoma muziki, bali alikuwa na kipaji. Na hapo kalamu huwekwa chini, kana kwamba jambo limekwisha elezwa. Kwa asili yake neno lenyewe linatokana na kupa: ni kitu mtu alichopewa. Na aliyepewa, aghalabu, hadhaniwi kuwa alitoa jasho. Mimi niliyejifunza lugha za wageni kwa kamusi iliyopoteza jalada, na arudhi kwa kuwasikiliza wazee wakisoma tenzi kwa mahadhi, sina raha na neno hilo. Nataka kulipima hapa kwa kutazama pande za bara, katika uwanda wa kati wa Tanzania, Dodoma na jirani zake, na kwa kukitazama chombo kimoja kilichofika huko kikiwa mgeni, nacho ni gitaa.

Nimeichagua Dodoma kwa sababu masikio ya huko yalikuwa yamekwisha soma kabla gitaa halijashushwa kwenye treni. Wagogo wana ilimba, wana zeze, wana ngoma za wanawake ziitwazo muheme, na wana uimbaji wa sauti nyingi zinazokwenda sambamba. Ilimba ni kisanduku cha mbao kilichofungwa vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Zilizo kubwa, kama zile za akina Zawose, vyuma vyake hupindukia 60. Wala si vyote vinavyopigwa. Vingine vimewekwa pale vitetemeke vyenyewe jirani yao anapoguswa. Chombo cha namna hiyo hakijifunzwi kwa kuambiwa weka kidole hapa na hapa. Mtoto hukaa karibu na mpigaji, naye mpigaji hasimamishi wimbo ili aeleze. Wimbo hukaa kwanza mdomoni mwa mtoto, kisha hushuka mikononi. Akikosea, hapati alama ya chini. Waimbaji wenzake humwacha njiani, naye akajua mwenyewe kwamba amepotea. Huo ni mtihani, na ni mgumu kuliko mingi inayosahihishwa kwa wino mwekundu.

Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doguwe katika nchi ya Wagogo mwishoni mwa miaka ya 1930, alipita katika skuli hiyo, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake. Sifa zake zilimfikia Mwalimu Nyerere, akaitwa Dar es Salaam, na baadaye akawa nguzo ya Bagamoyo, palipojengwa Chuo cha Sanaa. Mwaka 1996 sauti yake ilitolewa Uingereza katika albamu ya Chibite, kwenye lebo ya Real World. Alifariki tarehe 30 Disemba 2003. Kuna waliomwita mtu wa ajabu, na kweli alikuwa wa ajabu. Lakini ajabu hiyo ilikuwa na silabasi, ingawa haikuandikwa.

Na kama mtu anataka ushahidi wa sikio peke yake, bila ya msaada wa jicho, amkumbuke Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, kipofu, aliyekaa katikati ya ngoma nyingi akazipiga zote mtu mmoja. Ngoma zake ndizo zilizotangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania kwa miaka mingi. Nchi nzima ilinyamaza kwa ishara yake, na wengi hawakujua jina lake. (Sisi wa visiwani tulizisikia pia, kila tulipoizungusha redio kuitafuta bara.)

Gitaa lilifuata njia ya reli. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Na Kigoma ni mlango wa Kongo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili magitaa yalizagaa. Sehemu kubwa ya umaarufu huo ilitoka kwa kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo jina la bidhaa zake, Gallotone, lilizama ndani ya Kiswahili hata gitaa lolote lisilo la umeme likaitwa galatoni. Gitaa alilolipiga kijana John Lennon wa Liverpool tarehe 6 Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney, lilikuwa Gallotone vilevile. Naye hakusoma noti. Mkono wake ulikuwa umeanza kwa kodi za banjo, kwa kuwa banjo ndiyo aliyoijua mama yake. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha jambo nitakalolirudia: anayejifunza kwa sikio haji mtupu, huja na chombo cha nyumbani kwao kichwani.

Santuri zilizofundisha Afrika Mashariki nzima zilikuwa za Mwenda Jean Bosco wa Katanga. Hugh Tracey, ambaye mwaka 1950 alikuwa amekwisha pita Tanganyika akirekodi muziki wa wenyeji, ukiwamo wa Wagogo, alimkuta Mwenda huko Jadotville mwaka 1952. Mwenda alilipiga gitaa kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likitembeza besi na shahada ikisuka wimbo juu yake. Msikilizaji wa bara aliyezoea ilimba hakuwa na haja ya kufasiriwa mkono huo. Alikuwa anaufahamu: ni vidole viwili vinavyosema mambo mawili, na jambo la tatu huzaliwa baina yao ambalo hakuna kidole kinacholipiga.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi nyingi zilirekodiwa katika studio za redio ya taifa. Hivyo kwa kijana wa Dodoma, Manyoni au Tabora redio ndiyo iliyokuwa mwalimu, na mwalimu huyo alikuwa na kasoro moja kubwa: harudii. Wimbo hupita dakika tatu, na pengine hausikiki tena mpaka juma lijalo. Mtu anayetaka kuupata lazima aushike mzima kwa mpito mmoja, au agawane na wenzake: wewe shika besi, mimi nashika solo, yule ashike ya kati. Halafu hukaa chini ya mti na galatoni moja yenye nyuzi nne badala ya sita, wakaujenga upya kama watu wanaounga chungu kilichovunjika. Kaseti ilipoenea, kurudisha nyuma kukawa rahisi, na nadhani masikio yakaanza kuvivia. Lakini hayo ni maoni yangu tu.

Sasa nifike penye kiini cha neno langu, na namwomba msomaji asiogope hesabu kidogo.

Uzi ukipigwa mtupu hautoi sauti moja. Ndani yake mna sauti nyingine zinazopanda kama ngazi: zenye kasi ya mtetemo mara mbili ya ile ya mwanzo, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Ngazi hiyo ni ya maumbile, haikutungwa na mtu. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria, ameeleza kwamba sauti za muziki wa Wagogo zinalingana na vidato vya ngazi hiyo kuanzia cha nne hadi cha tisa. Cha nane ni cha nne kilichorudi juu, hivyo zinabaki sauti tano. Ndizo anazozisikia mtoto wa Kigogo kabla hajajua kutembea, na ndizo fundi wa ilimba anazozitafuta anapokisogeza chuma mbele na nyuma mpaka sikio lake liseme basi.

Shingo ya gitaa imekatwa kwa hesabu nyingine. Vile vyuma vinavyoikatiza, ambavyo wapigaji huviita freti, vimeigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawasawa. Kidato cha tano, cha sita na cha tisa, freti huvikaribia kiasi cha sikio kuvumilia. Cha saba hakikaribiwi. Kimekaa chini ya sauti ya freti iliyo jirani yake kwa karibu theluthi ya hatua nzima. Kwa mtu wa piano hilo ni kosa la kulinganisha nyuzi. Kwa Mgogo, freti ndiyo iliyokosea.

Na la kustaajabisha ni kwamba sauti hiyo imo ndani ya gitaa. Chukua gitaa lolote, uguse uzi kwa ncha ya kidole bila ya kuukandamiza, mahali palipo sehemu moja ya saba ya urefu wake kutoka kichwani, kisha uupige. Utasikia kengele nyembamba ya mbali. Ndiyo hiyo. Lakini tazama kidole chako kipo wapi: kipo baina ya freti ya pili na ya tatu, karibu zaidi na ya tatu, mahali ambapo fundi hakuweka chuma. Chombo kina sauti ya Ugogo tumboni na kimeikataa shingoni.

Wasomaji wa visiwani hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili. Mpigaji wa udi hana freti, na kwa hiyo rasti na bayati humtii. Mpe gitaa, uone anavyotafuta robo za sauti zisizokuwapo. Zeze nalo halina freti. Ndiyo maana nasema kwamba kujifunza gitaa kwa sikio, katika nchi kama ile, hakukuwa kuokota kitu kilichoanguka. Kulikuwa ni mashauriano baina ya hesabu mbili, na aliyeyaendesha alikuwa kijana peke yake na galatoni yake. Aweza kuuvuta uzi pembeni ili sauti ipande ifike katikati ya freti. Aweza kuikwepa sauti ile na kuuzungusha wimbo nje yake. Au aweza kukubali, taratibu, mpaka sikio lake lisahau. Bendi nyingi za dansi, zilizofuata rumba ya Kongo na Kuba, zilikubali. Siwalaumu. Wacheza dansi walikuwa wakingoja, na rumba ni nzuri. Lakini tusiseme kwamba hakuna kilichotolewa katika biashara ile.

Mtu ninayemfikiria zaidi hapa ni Patrick Balisidya. Alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, kusini ya mji wa Dodoma, mahali penye misheni na hospitali ya Kianglikana na papo hapo ni Ugogo khasa. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa tangu mwaka 1876, na pamoja na tenzi zao walileta do-re-mi, iliyoandikwa kwa herufi ubaoni. Kwa hiyo mtoto wa pande hizo alikuwa na skuli mbili kwa siku moja: ya asubuhi iliyokuwa na sauti saba, na ya jioni iliyokuwa na tano. Balisidya aliunda Afro 70, bendi ambayo wimbo wake wa Harusi ungali ukipigwa katika sherehe hadi leo, na mtindo wake akauita Afrosa. Mwaka 1979 alirekodi Sweden pamoja na kundi la huko liitwalo Archimedes, albamu ikaitwa Bado Kijana. Alifariki mwaka 2004, miezi michache tu baada ya Hukwe Zawose. Na mwaka huohuo alifariki Charles Zawose, aliyekuwa akiimba na kupiga pamoja na Hukwe. Katika muda usiotimia mwaka uwanda wa kati ukawapoteza watu watatu waliokuwa maktaba. Vitabu vya aina hiyo haviazimwi baada ya mazishi.

Kuna watakaosema: basi na iandikwe yote kwa noti, tusipoteze zaidi. Imeandikwa kiasi, na ni vyema. David Rycroft aliyaandika magitaa ya Mwenda kwa noti katika miaka ya 1961 na 1962, na Mhispania Polo Vallejo amefanya kazi ya miaka mingi juu ya uimbaji wa Wagogo. Lakini mfasiri anajua vyema maandishi kama hayo ni nini. Ni tafsiri. Mistari mitano ya noti haina mahali pa kidato cha saba isipokuwa kwa alama ya ziada juu yake, sawa na mimi ninavyoweka tanbihi penye neno lisilofasirika. Aliyejifunza kwa sikio alilipata bila ya tanbihi.

Huko Bagamoyo kazi ya akina Zawose haikukatika. Kwa mila ya Kigogo wanawake walikuwa waitikiaji na wapigaji wa muheme. Ilimba ilikuwa ya wanaume. Mwaka 2024 ilitoka albamu iitwayo Maisha, ya Zawose Queens, kundi la Pendo, binti yake Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Wamesimama mbele, na ilimba wameishika wao.