Msimamo wa Tanzania dhidi ya utawala wa Idi Amin

Msimamo wa Tanzania dhidi ya utawala wa Idi Amin ni sera ya kidiplomasia ya serikali ya Rais Julius Nyerere, 1971 hadi 1979, ya kukataa kumtambua Amin kuwa kiongozi halali wa Uganda na kulaani mauaji ya raia nchini humo. Ilianza baada ya Amin kutwaa madaraka kwa mapinduzi ya 25 Januari 1971. Milton Obote, rais aliyepinduliwa, alipewa hifadhi Dar es Salaam.

Nyerere alikataa kuketi meza moja na Amin, hivyo kikao cha marais watatu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakikufanyika tena; jumuiya ikavunjika 1977. Sera haikuishia kwenye maneno: Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliivamia Uganda kutoka Tanzania, wakashindwa, na ndege za Uganda zikashambulia miji ya Tanzania ya Bukoba na Mwanza. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ulituliza mpaka tu.

Mwaka 1975 Tanzania ilisusia mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) mjini Kampala, ikiulaumu umoja huo kwa kunyamazia Waafrika wanaouawa na watawala Waafrika. Lawama hiyo iligusa pabaya, kwani OAU ilishikilia kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya wanachama.

Uganda ilipovamia eneo la Kagera nchini Tanzania, Oktoba 1978, diplomasia ilivipisha vita. Machi 1979 ndege ya Libya, mshirika wa Amin, iliilenga Mwanza. Majeshi ya Tanzania na washirika wao waliiteka Kampala 11 Aprili, na utawala wa Amin ukaanguka.