Tofali, Dirisha na Baraza: Historia ya Ujenzi Burundi na Mustakabali wa Ofisi za Gitega

Utangulizi

Mwezi Januari 2019 Bunge la Burundi lilipitisha sheria iliyoifanya Gitega kuwa makao makuu ya kisiasa, huku Bujumbura ikibaki kitovu cha biashara. Uamuzi huo ulileta haja ya majengo ya ofisi katika mji wa nyanda za juu. Makala haya yanatoa hoja kwamba historia ya ujenzi nchini humo, kama inavyosomeka katika msamiati wake na katika maktaba iliyokamilika Muyinga mwaka 2012, inatoa kigezo cha ofisi zisizohitaji kiyoyozi wala shehena kubwa za vifaa kutoka mbali.

Msamiati kama kumbukumbu

Nyumba ya jadi ya Warundi ilikuwa ya msonge: fito na matete yaliyosukwa, kisha yakaezekwa kwa nyasi. Ilikuwa na mlango, lakini haikuwa na dirisha. Lugha inathibitisha jambo hilo. Kirundi huuita mlango *umuryango*, neno la Kibantu lenye undugu na *mlango* wa Kiswahili. Na katika lugha zote mbili neno hilo hutaja pia watu wa jamaa moja. Kinyume chake, *idirisha* na *itafari* ni maneno yaliyopokewa kupitia Kiswahili, na dirisha lenyewe asili yake ni Kiajemi. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara ya biashara, kisha ya utawala wa Wajerumani, ambao mwaka 1912 walihamishia Gitega makao ya utawala wao wa Urundi kutoka Usumbura.

Ushahidi huo usichukuliwe kuwa usasa wote ni mgeni. Kilichokopwa ni umbo la tofali na jina lake. Udongo ulikuwa wa hapo hapo.

Fundisho la Muyinga

Maktaba ya Muyinga ilisanifiwa na BC Architects wa Brussels kwa kushirikiana na asasi ya ODEDIM ya Muyinga, ikiwa sehemu ya kwanza ya shule iliyokusudiwa kuwajumuisha watoto viziwi. Wasanifu walianza kwa kuchunguza ujenzi wa kienyeji. Mashine mbili za kushindilia matofali, zilizokuwa zimelala katika vumbi, zilitengenezwa upya, na kuta zikajengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa. Boriti ni za mkaratusi, paa ni la vigae vya udongo vilivyochomwa katika eneo hilo, na wavu wa kupumzikia watoto umesukwa kwa kamba za katani. Hewa hupita katika matundu yaliyoachwa ukutani. Upande mmja wote una baraza, mahali pa kusubiriana na kuzungumza kama ilivyo katika nyumba nyingi za Burundi.

Jengo hilo lina mipaka yake. Urefu wa boriti za mkaratusi ndio ulioamua upana wa chumba. Vigae vilihitaji kuni, na kuni ni mzigo kwa misitu ya nchi yenye watu wengi. Aidha, ukuta wa udongo ulioshindiliwa haufai kubeba ghorofa nyingi.

Kutoka maktaba hadi ofisi

Gitega iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, na usiku wake ni wa baridi. Joto linalolazimisha kiyoyozi katika ofisi ya mji kama huo kwa kiasi kikubwa huletwa na jengo lenyewe, hasa ukuta wa kioo unaotazama mashariki au magharibi. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri huingia kwa pande hizo. Kwa hiyo kuta ndefu zinapaswa kuelekea kaskazini na kusini, upenu uwe mpana, na vyumba viwe vyembamba ili hewa ivuke.

Uwezekano huo umekwisha kuthibitika katika eneo hili. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011, katika mji wenye mwinuko unaokaribiana na huo, hupitisha hewa kwa njia ya asili na huzalisha umeme wa jua juu ya paa. Katika jengo la ghorofa la Gitega, zege na nondo zingebaki kwenye fremu, na matofali ya udongo ulioshindiliwa yangejaza kuta.

Hitimisho

Mambo mawili yanawahusu watunga sera. Kwanza, masharti ya zabuni za majengo ya umma yadai maelezo ya mwelekeo wa jengo, kivuli na mpito wa hewa kabla ya kuidhinisha kiyoyozi. Pili, masharti hayo yaandikwe pia kwa Kirundi na Kiswahili. Ubora wa tofali lisilochomwa hutegemea unyevu wa udongo, nguvu ya kushindilia na siku za kuanika, na maamuzi hayo yako mikononi mwa fundi. Maelekezo yakibaki katika Kifaransa pekee, yatafika kwake kwa kusimuliwa, na kosa dogo la tafsiri litakuwa ufa ukutani.