Divai ya Manjano ya Jura

Neno divai tumelipata kwa Wafaransa, kama mvinyo tulivyoupata kwa Wareno. Basi yafaa tujue habari za divai mojawapo ya huko. Katika mkoa wa Jura, mashariki ya Ufaransa, divai ya zabibu ziitwazo savagnin huachwa katika pipa zaidi ya miaka sita, wala pipa halijazwi tena. Divai nyingine ingegeuka siki. Hii hutandwa na utando wa hamira unaoikinga na hewa na kuipa ladha ya kokwa za jozi. Katika kila lita husalia sentilita 62 hivi, nayo chupa yake, clavelin, ina ujazo uo huo.

Louis Pasteur, aliyekulia Arbois, alizichunguza divai za huko miaka ya 1860. Mwishoni mwa karne ile mdudu filoksera aliitafuna mizizi. Kisha zikaja vita. Mashamba ya hekta zipatazo 20,000 yamebaki 2,000 hivi. Jina la Arbois lililindwa kisheria mwaka 1936.

Mezani huandamana na jibini ya Comté, ya maziwa ya ng'ombe wa milima hiyohiyo, au jogoo aliyepikwa kwa divai yenyewe, malai na uyoga wa porini.