Kuzamia na papa mweupe: Ndani ya kizimba, nani anahitaji kulindwa?

Mtu analipa pesa zake, anavaa suti ya mpira, kisha anaingia kwa hiari yake kwenye kizimba cha chuma baharini ili atazamane na papa mwenye urefu wa mita nne. Ukimsimulia mvuvi wa pwani, atakuuliza kama una akili timamu.

Lakini ndiyo biashara yenyewe. Kwa miaka mingi mji mdogo wa Gansbaai, Afrika Kusini, umeishi kwa kuwauzia wageni dakika chache za kumwona papa mweupe. Kisha kuanzia 2017 papa hao wakaanza kutoweka.

Je, utalii huu unamsaidia papa au unamchokoza? Na wale wa Gansbaai wameenda wapi?

Kizimba kilianzia wapi?

Desemba 1963, Muaustralia Rodney Fox alikuwa kwenye mashindano ya kuvua kwa mkuki karibu na mji wa Adelaide. Papa mweupe akamng'ata kifuani. Alishonwa nyuzi zaidi ya 400, akapona.

Badala ya kulichukia bahari, Fox alitaka kumwelewa mnyama aliyemjeruhi. Anasimulia kwamba wazo lilimjia kwenye bustani ya wanyama, akiwatazama simba. Kama simba anafungiwa ili watu wamtazame, baharini kwa nini mtu asijifungie mwenyewe amtazame papa? Miaka ya 1960 akatengeneza kizimba, na baadaye akasaidia kupatikana kwa picha za papa halisi zilizotumika kwenye filamu ya Jaws ya 1975.

Filamu hiyo ilitia watu hofu dunia nzima, na wapo waliotoka kwenda kuwinda papa kwa sifa tu. Peter Benchley, mwandishi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo, alitumia miaka yake ya baadaye kutetea papa.

Safari yenyewe ikoje?

Gansbaai iko mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Cape Town. Boti huondoka bandari ndogo ya Kleinbaai kuelekea karibu na kisiwa cha Dyer. Jirani yake kuna mwamba wa Geyser, wanakoishi sili makumi ya maelfu. Sili ana mafuta mengi mwilini, na kwa papa mweupe hicho ni chakula cha maana.

Boti ikitia nanga, wahudumu humwaga majini mchanganyiko wa samaki waliosagwa na mafuta yao. Harufu inafuata mkondo, papa anaifuata harufu. Kipande cha samaki hufungwa kwenye kamba, pengine pamoja na ubao uliochongwa kwa umbo la sili, na huvutwa juu ya maji ili papa asogee karibu.

Kizimba hufungwa ubavuni mwa boti, sehemu ya juu ikibaki nje ya maji. Huhitaji mtungi wa hewa wala cheti cha kupiga mbizi. Unavaa miwani ya kuzamia na kushika vyuma vya ndani. Mhudumu akipiga kelele "chini!" unabana pumzi na kuzama. Maji ni ya baridi kali, na kuna siku hayaoni vizuri. Halafu kivuli kinatokea, kinapita taratibu mbele yako, kinapotea.

Wengi wanaotoka humo husema jambo moja: walitarajia mnyama mwenye hasira, wakakuta mnyama mtulivu na mwenye tahadhari.

Je, chambo kinamfundisha papa kula watu?

Hili ndilo swali linaloulizwa sana. Wapinzani wanasema papa atazoea kuunganisha boti, watu na chakula.

Utafiti wa False Bay, karibu na Cape Town, uliochapishwa 2007, uliona kwamba utalii wa kiasi hauelekei kubadili sana tabia ya papa. Wengi walipoteza hamu ya chambo kadiri siku zilivyopita, kwa kuwa hawakupata mlo. Ndiyo maana kumlisha papa kwa makusudi hakuruhusiwi, na boti lazima iwe na kibali cha serikali.

Lakini kiasi kikizidi, mambo hubadilika. Kwenye visiwa vya Neptune, Australia, watafiti waliona papa wakikaa muda mrefu zaidi eneo la boti baada ya safari kuongezeka, na serikali ikaweka mipaka.

Mexico ilikwenda mbali zaidi. Kwenye kisiwa cha Guadalupe, papa aliingia ndani ya kizimba 2016, na mpiga mbizi akatoka salama. Mwaka 2019 papa mwingine alinasa kichwa kwenye vyuma akafa. Januari 2023 serikali ikafunga kabisa utalii huo kisiwani hapo.

Kwa nini papa huyu alindwe?

Kwa wastani, papa wa aina zote huua watu wasiofika 10 kwa mwaka duniani. Upande wa pili, makadirio ya wanasayansi yaliyotolewa 2013 yalionyesha kwamba binadamu huua papa wapatao milioni 100 kwa mwaka.

Papa mweupe hawezi kuhimili hasara hiyo, kwa sababu anakua polepole mno. Utafiti wa Atlantiki ya kaskazini ulikadiria kwamba jike hufikia umri wa kuzaa akiwa na miaka 33 hivi. Ukimuua leo, pengo lake halizibiki kwa miaka mingi.

Afrika Kusini ilikuwa nchi ya kwanza kumpa ulinzi wa kisheria, mwaka 1991. Mwaka 2004 aliingizwa kwenye mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Tatizo ni kwamba papa hajui mipaka. Jike lililopewa jina Nicole liliwekewa kifaa cha kufuatiliwa karibu na Gansbaai mwaka 2003. Likaogelea hadi Australia na kurudi, zaidi ya kilomita 20,000, ndani ya miezi tisa. Sheria ya nchi moja hulinda maji ya nchi hiyo tu.

Papa wa Gansbaai wameenda wapi?

Mwaka 2017 mizoga ya papa weupe ilianza kutupwa ufukweni Gansbaai. Ini halikuwepo. Waliotuhumiwa ni nyangumi wauaji wawili madume, Port na Starboard. Majina hayo ni ya kibaharia, kushoto na kulia, kwa kuwa pezi la mgongoni la mmoja limelala kushoto na la mwenzake kulia. Wanajua ini la papa limejaa mafuta, basi wanatoa hilo na kuacha mengine.

Baada ya kila shambulio papa walikimbia, safari nyingine kwa miezi. Mwaka 2022 zilitoka picha za droni zilizoonyesha nyangumi wauaji wakimuua papa mweupe huko Mossel Bay, na ubishi kuhusu uwezo wao ukaisha.

Hata hivyo wanasayansi hawajakubaliana. Wapo wanaosema papa wamehamia tu mashariki. Wengine wanasema idadi yenyewe inapungua, na wanaonyesha kidole kwa binadamu: nyavu za kulinda waogeleaji zilizowekwa pwani ya Durban tangu 1952, na uvuvi wa ndoana nyingi unaomaliza papa wadogo ambao papa mweupe huwala.

Boti za Gansbaai bado zinatoka, ila mara nyingi mgeni huonyeshwa papa wa aina nyingine.

Na huku kwetu?

Papa mweupe amewahi kuvuliwa hata Zanzibar, kwa hiyo si mgeni kabisa. Na mvuvi anayetega jarife hachagui: kinachonasa ndicho kinachopanda mtumbwini, na mchuzi wa papa mkavu una wapenzi wake.

Lakini mfano wa papa hai kuleta riziki upo. Kisiwani Mafia, Tanzania, wageni huenda kuogelea na papa potwe, hasa kati ya Oktoba na Machi. Hakuna kizimba, kwa sababu potwe hula viumbe vidogo sana. Potwe mmoja anaweza kutazamwa mwaka hadi mwaka.

Ukitaka kwenda, uliza haya

- Boti ina kibali cha serikali?
- Chambo huvutwa vipi? Kikivutwa kuelekea kwenye vyuma, papa anaweza kuumia.
- Kuna mtafiti anayeandika kumbukumbu za papa wanaoonekana?
- Wanakuambia ukweli kuhusu papa gani anaonekana msimu huo?

Kizimba kinamlinda mtu kwa dakika chache. Papa akishatoka pale, kinachobaki kumlinda ni sheria na wavuvi wa nchi zote anazopitia.