Ngamia Ndani ya Masizi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mjini Heidelberg, Ujerumani, wanafizikia wawili walikuwa wakigeuza grafiti kuwa moshi. Wolfgang Krätschmer na mwenzake kutoka Marekani, Donald Huffman, walitaka kujua vumbi lililotanda baina ya nyota limeumbwa kwa kitu gani. Grafiti ni kaboni, ile iliyomo ndani ya penseli na inayopatikana pia katika ardhi ya Mahenge, Tanzania.

Walipopitisha mwanga wa urujuanimno katika masizi yao, chati ilichora vilima viwili mfano wa nundu. Wakayaita masizi hayo ngamia. Kisha, wakidhani huenda ni uchafu tu, wakayaweka kando.

Septemba 1985, Harold Kroto wa Uingereza, pamoja na Robert Curl na Richard Smalley wa Chuo Kikuu cha Rice mjini Houston, walipata molekuli yenye atomi 60 za kaboni. Walisema atomi hizo zimejipanga kama mpira wa miguu, wenye upana wa takriban nanomita moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Lakini kilichopimwa kilikuwa uzito. Umbo lilibaki dhana, na wapo wanasayansi waliolikataa.

Ndipo ngamia alipokumbukwa. Kila molekuli hutikisika kwa namna yake na hunyonya sehemu fulani tu za mwanga. Wananadharia walikwisha piga hesabu: mpira wa aina hiyo ungeacha mistari minne katika mionzi ya infraredi. Krätschmer na Huffman wakaiona yote minne. Kwa kuhofia kwamba ni mafuta ya pampu yanayowahadaa, walirudia kazi kwa kaboni nzito zaidi, na mistari ikasogea kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1990, wakiwa na Lowell Lamb na Konstantinos Fostiropoulos, waliyeyusha masizi katika benzini, wakapata kimiminika chekundu, na humo fuwele zilizoonekana kwa macho.

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1996 ilikwenda kwa Kroto, Curl na Smalley. Kanuni haziruhusu zaidi ya watu watatu. Hata hivyo, waliothibitisha umbo hilo kwa mwanga walistahili zaidi ya makofi.

Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba darubini ya angani ya Spitzer imenasa mistari ile ile minne katika wingu liitwalo Tc 1. Wingu hilo limo katika kundi la nyota la Madhabahu, linaloonekana kuanzia Dar es Salaam hadi St Marys, magharibi mwa Sydney.