Umeunda Programu, Msee Mwingine Anaiuza? Soma Hii Kabla Hujawaka

Tuseme umekesha miezi sita ukiunda programu ya mauzo na stoki ya maduka ya agrovet. Mteja wa kwanza amekulipa 40K, uko na furaha. Halafu siku moja unapigiwa simu na mtu wa Nakuru hujawahi kumwona: "Bro, programu yako imegoma." Namba yako ameitoa kwa ukurasa wa msaada ndani ya programu yenyewe. Ukimuuliza alinunua wapi, anakuambia kuna jamaa tao anaiuza 5K, na ako na till ya M-Pesa kabisa.

Hapo ndio damu inachemka. Unataka kumwanika huyo jamaa mtandaoni, ama uzime programu zote usiku. Tulia kwanza. Hii vita inashindwa kwa karatasi, na wengi huipoteza kabla hata haijaanza juu hawakujua swali la kwanza ni gani.

Swali la kwanza: hiyo programu ni yako kweli?

Usicheke. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama kazi ya maandishi, sawa tu na kitabu. Haki inaanza pale unapoandika, hata kama hujasajili mahali popote, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 zaidi.

Sasa shika hapa. Kifungu cha 31 kinasema kama kazi uliagizwa na mtu, ama uliifanya ukiwa umeajiriwa, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyekuagiza ama mwajiri wako, isipokuwa mkubaliane vingine. Watu wengi wa kubeba kazi za mkono hawajui hii. Mwenye agrovet akikuambia "niundie programu", akakulipa, na hakuna mkataba unaosema haki inabaki kwako, anaweza kusimama kortini aseme ni yake na yeye ndiye alimpea yule jamaa aiuze. Wewe utabaki ukionyesha usiku ulizokesha, na usiku si ushahidi.

Kwa hivyo tafuta makubaliano yenu: mkataba, barua pepe, hata meseji za WhatsApp. Kama uliunda kivyako kisha ukaanza kuwapa wateja leseni ya kutumia, uko sawa. Kama jamaa anadai ulimuuzia haki zote, mwambie alete karatasi. Sheria inataka uhamisho wa hakimiliki uwe kwa maandishi na uwe na sahihi. "Tulibonga tu" haitoshi.

Angalia pia vitu ulivyokopa. Kama programu yako ni plugin ya WordPress, ama umejenga juu ya msimbo wenye leseni ya GPL na ukaisambaza, aliyeipata kwa leseni hiyo anaruhusiwa kuisambaza na hata kuiuza. Hapo huwezi kumshika kwa hakimiliki. Unaweza kumshika akitumia jina na nembo yako kudanganya watu, hasa kama ulisajili alama ya biashara pale KIPI.

Kusanya ushahidi kimya kimya

Kosa kubwa ni kumpigia jamaa simu ukiwa na hasira. Dakika kumi baadaye tangazo limefutwa na hauna kitu. Kabla hajajua uko rada, fanya hivi:

1. Piga skrinshoti za matangazo yake, anwani ya ukurasa na tarehe zikionekana.

2. Nunua nakala moja. Ukilipa kwa till, ile meseji ya M-Pesa inakuja na jina la biashara, kiasi, saa na namba ya muamala. Ushahidi mtamu kama huo ni nadra.

3. Linganisha nakala na yako. Tafuta makosa ya tahajia uliyoacha, majina ya ajabu ya mafaili, maandishi yako ndani ya msimbo. Mtu anaweza kudai aliunda programu inayofanana, lakini hawezi kueleza kwa nini yake iko na makosa yako.

4. Toa historia ya Git kutoka siku ya kwanza. Inaonyesha vile programu ilikua hatua kwa hatua, kitu ambacho mwizi hana.

Na kuna kitu mawakili wa mitandaoni huwa hawakuambii: Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulitolewa vipi na kwa kifaa gani, kikiwa na sahihi ya mhusika. Skrinshoti zilizochapishwa bila hicho cheti zinaweza kutupwa nje. Ambia wakili wako akitayarishe mapema.

Mwandikie, usimtukane

Barua ya madai inamaliza kesi nyingi. Iseme vitu vinne: programu ni yako na uthibitisho ndio huu, anachofanya ni nini, unataka nini (aache kuuza, atoe hesabu ya mauzo, alipe), na ana siku ngapi. Ikiwa na kichwa cha wakili inatisha zaidi. Wengine wataomba muongee. Ongea. Jamaa aliyeuza nakala ishirini bila wewe amekuonyesha anajua kuuza, na kuna watengenezaji wamegeuza mtu kama huyo kuwa ajenti wa kulipwa kamisheni. Lakini weka kwa maandishi.

Shusha matangazo

Kama anauza kwa tovuti, sheria yetu iliyorekebishwa 2019 inakuruhusu kutumia kampuni inayohifadhi hiyo tovuti notisi ya kuondoa. Ikiwa sawa, wanatakiwa kufunga ndani ya saa 48 za siku za kazi. Kwa GitHub, Google Play na mitandao mingine ya Marekani, unatumia sheria yao ya DMCA ya 1998, na fomu ziko kwa tovuti zao. Mshukiwa akijibu kwa kupinga, usipomshtaki, kazi inarudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Na usidanganye kwa hiyo notisi. Notisi ya uongo ni shida yako sasa, huku na kule.

KECOBO na korti

Kuuza nakala haramu si ugomvi wa watu wawili tu, ni kosa la jinai. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, iko na wakaguzi wa kufanya msako. Kusajili kazi yako kwao si lazima, lakini cheti chao kinakupa kitu cha kuweka mezani siku ya mabishano.

Kortini unaweza kuomba amri ya kumzuia asiendelee, fidia, na nakala zitolewe mkononi mwake. Lakini kama alikuwa ajenti wako mwenye mkataba na amekalia doo zako, hiyo ni kesi ya deni. Chini ya milioni 1 unaenda Korti ya Madai Madogo, bila lazima ya wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Je, mteja akiuza yake?

Hapa dunia haijakubaliana. Marekani, mwaka 2010, korti ya rufaa iliamua kesi ya Timothy Vernor, aliyekuwa akiuza AutoCAD za mtumba kwa eBay. Ilisema kama leseni inakataza kuhamisha, mnunuzi hamiliki nakala, amepewa ruhusa tu. Ulaya, mwaka 2012, kesi ya UsedSoft na Oracle ikaenda upande mwingine: leseni ya kudumu ikishauzwa, mnunuzi anaweza kuiuza, bora azime yake. Funzo kwako: andika wazi kwa leseni kama inahamishwa ama hapana.

Usifanye hizi

Usiingie kwa kompyuta za watu kuzima programu. Hata kama nakala ni ya wizi, data ndani ni ya mwenye duka, na Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 itakugeuza wewe mshtakiwa. Usimwite mtu mwizi mtandaoni kabla korti haijasema, utajikuta unajitetea kwa kesi ya kumchafulia jina.

Na usiwapigie kelele walionunua. Yule wa Nakuru alitoa 5K akidhani ni halali. Mpe leseni halisi kwa bei ya kirafiki na marekebisho ya bure. Atakulipa, atakuwa shahidi wako, na jina lako halitachomeka kwa nakala mbovu ambayo hukuiuza.

Kufunga mlango

Kwa kazi ijayo, mkataba useme kwa sentensi moja: "Hakimiliki inabaki kwa mtengenezaji, mteja anapewa leseni ya kutumia kwa duka moja." Weka ufunguo wa leseni kwa kila mteja, ndio nakala ikivuja ujue ilitoka kwa nani. Ukiweza, sehemu muhimu ya programu ikae kwa seva yako, isikae yote kwa kompyuta ya mteja. Kile hakijatoka kwako ni ngumu kuibwa.

Kama uko na kazi ya mteja unaianza wiki hii, tuma hiyo sentensi leo, kabla ya deposit kuingia. Ikishaingia, na karatasi hakuna, sheria imeshachagua upande, na si wako.