Fahamu maneno ya Kiingereza yenye vina sawa na maana zake

Mwanafunzi wa Binza, mkoani Simiyu, akitoka shule ya msingi ya Serikali na kuingia kidato cha kwanza, masomo mengi aliyofundishwa kwa Kiswahili anayakuta kwa Kiingereza. Baadaye anaanza kuchambua mashairi ya lugha hiyo, na hapo vina vinamchanganya.

Kina ni sauti zinazofanana mwishoni mwa maneno. Kwenye Kiswahili kina unakiona kwa macho: "shamba" na "mamba" yote yanaishia na "mba", kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kiingereza hakiko hivyo. Kule kina kinatafutwa kwa sikio.

Chukua neno "cow", yaani ng'ombe. Lina kina kimoja na "plough", yaani plau, ingawa herufi za mwisho ni tofauti kabisa. Lakini halina kina na "low", yaani chini, ingawa herufi zake mbili za mwisho ni zilezile.

Yanaandikwa tofauti, kina ni kimoja

- "Two" ni mbili, "shoe" ni kiatu, "blue" ni rangi ya bluu, "through" ni kupitia.
- "Rain" ni mvua, "plane" ni ndege ya abiria, "reign" ni utawala wa mfalme.
- "Low" ni chini, "go" ni kwenda, "sew" ni kushona, "though" ni ingawa.
- "Enough" ni ya kutosha, "cuff" ni pindo la mkono wa shati.

Yanafanana kwa macho, vina ni tofauti

- "Food" ni chakula, na kina chake ni kama cha "rude", yaani mtu asiye na adabu.
- "Good" ni nzuri, na kina chake ni kama cha "wood", yaani mbao.
- "Blood" ni damu, na kina chake ni kama cha "mud", yaani tope.
- "Read", kusoma, lina vina viwili. Kwa wakati uliopo linaendana na "seed", mbegu. Kwa wakati uliopita linaendana na "red", nyekundu, japo tahajia haibadiliki.

Kwa nini iko hivi?

William Caxton alileta uchapaji wa vitabu Uingereza mwaka 1476. Tahajia ikaanza kutulia wakati matamshi ya irabu ndefu bado yanabadilika, na yaliendelea kubadilika kwa miaka mingi. Ndiyo maana maneno mengi leo yanaandikwa kwa namna ya zamani.

Tatizo jingine ni idadi ya irabu. Kiswahili kina 5 tu, wakati Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20. Ndiyo maana wengi hutamka "ship", meli, na "sheep", kondoo, kama neno moja.

Sikio la Kisukuma

Hapa mtoto aliyekulia kwenye Kisukuma ana mtaji ambao mara nyingi hausemwi. Lugha hiyo ina irabu 7. Mbili za ziada ziko moja kati ya "i" na "e", nyingine kati ya "u" na "o". Pia Kisukuma hutofautisha irabu fupi na ndefu. Sauti hizo si zilezile za Kiingereza, lakini sikio lake limeshazoea tofauti ndogo za aina hiyo, kama iliyopo kati ya "ship" na "sheep" au "good" na "food".

Mwalimu anaweza kuanzia hapo: atamke maneno mawili bila kuyaandika ubaoni, na wanafunzi waseme kama kina ni kimoja. Wakishajibu kwa kusikia, ndipo aandike. Anayejisomea mwenyewe aangalie alama za matamshi kwenye kamusi, au asikilize sauti kwenye kamusi ya simu, kabla ya kuamini herufi.